Majina ya Ng'ombe wa Susuni

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Sijakaa hata dakika tano tangu asubuhi. Sasa Kezia amelala ndani ya boksi la dawa ya minyoo, nyuma ya mlango wa stoo, nami nimekaa juu ya ndoo naandika. Jino linamtoka. Ana mwaka na miezi mitano na anauma kila kitu, hata lebo za chupa.

Habari ya leo ni mbaya. Ugonjwa wa mapele ngozi umeonekana upande wa Serengeti. Odoyo, daktari wa mifugo anayetuchanjia, alikuwa huko jana. Ametuonyesha picha kwenye simu. Mungu wangu! Ng'ombe mwili mzima mapele, kama mtu amempandia mahindi chini ya ngozi. Amesimama tu, mate yanamtoka. Odoyo anasema nzi ndio wanaoubeba. Mvua zikianza mwezi ujao nzi watajaa, na hapo tena basi.

Madam Philomena, mwenye duka, akasema lazima tuchanje Nyarero na Susuni kabla ya mvua. Akaniangalia mimi. Mimi ndiye wa stoo.

Shida ni kwamba tuna vitu viwili visivyojuana. Kuna databesi ya wafugaji – ile orodha ya mtandaoni. Mfugaji anajaza fomu kwenye simu: jina, kijiji, idadi ya ng'ombe. Halafu kuna programu ya stoo, ambayo inajua chupa ngapi ziko kwenye friji. Katikati niko mimi. Nasoma huku, naandika kule, mtoto mgongoni. Mwezi uliopita dawa ya Nyarero niliipeleka Susuni. Madam hakunifukuza. Alinyamaza siku mbili tu. Kunyamaza kwake ni kubaya kuliko matusi.

Sasa kamwita mtu wa Sirari, anaitwa Dorka, aje aziunganishe. Nimeshtuka. Zikishaunganishwa, mimi wa katikati naenda wapi?

Jumanne, 9 Septemba

Dorka kumbe ni mdogo kuliko mimi! Nilitegemea mzee wa miwani. Amekuja na laptop kwenye mkoba wa kitenge, na Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. Akavuta kiti, akakaa pembeni.

"Sasa mami, wewe ndio utashika. Mimi ni wa kuangalia tu."

Nikamwambia mimi niliishia kidato cha nne na Hisabati nilipata F. Akacheka. "Hii haitaki uandike programu yoyote. Ni kuburuta visanduku na kuchora mishale. Si unajua kuchora mshale?"

Na kweli! Kisanduku cha kwanza: mfugaji akijaza fomu. Mshale. Cha pili: chukua idadi ya ng'ombe wake. Mshale. Cha tatu: nenda stoo, mtengee dozi zake. Mpango wote huo Dorka anauita daraja. Tukamtunga mfugaji wa uongo, Mzee Majaribio wa Nyarero, ng'ombe watano. Nikabonyeza kwenye simu. Nikageukia skrini ya stoo – dozi tano zimetengwa! Hakuna aliyegusa! Nilipiga kelele Kezia akaamka, Madam akaja mbio na fagio akidhani ni nyoka.

"Kitu gani?"

"Imejiandika yenyewe, Madam!"

Akaniangalia kama mtu aliyekunywa asubuhi. Akasema rudia. Nikarudia. Naye akapiga kelele.

Mchana nikafundishwa kisanduku cha mwisho. Alhamisi saa sita orodha inafungwa. Daraja linajumlisha dozi zote, linaongeza za akiba kidogo, linatuma oda kwa msambazaji Mwanza. Lenyewe! Nikauliza, je, kukiwa na kosa? Dorka akasema daraja halina macho, ukiliwekea kosa litabeba kosa, kwa hiyo ni lazima awepo mtu wa kuliangalia. Akaninyooshea kidole. Madam akaitikia kwa kichwa.

Basi kazi bado ninayo. Nimempakata Kezia nikamzungusha mpaka akacheka na lile jino lake nusu.

Alhamisi, 11 Septemba

Kaya mia moja arobaini na tatu zimejaza fomu. Madam anatembea dukani kama bibi harusi.

Mimi nikawa napitia orodha, si nimeambiwa niangalie. Nikafika Susuni. Mzee Kisyeri – 12.

Nikasimama hapo. Mzee Kisyeri ni baba mkwe wangu. Kumi na mbili! Mimi nimezoa samadi ya zizi lile mwaka mzima kabla hatujahamia mjini. Ng'ombe kumi na mbili hawawezi kutoa samadi ile hata wakilishwa usiku na mchana.

Aliyejaza ni Wangwe, mume wangu. Nikampigia kijiweni, yuko na bodaboda yake stendi.

"Baba Kezia, umeandika kumi na mbili?"

"Ndiyo."

"Lakini –"

"Lakini nini? Unataka niwataje? Unataka zizi la baba liishe?"

Akakata.

Najua. Hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Ukitaja idadi, wanaanza kupungua. Mmoja anavunjika mguu, wawili wanaibiwa, ndama anazaliwa amekufa. Baba yangu alikuwa anasimama getini jioni anaangalia sura zao zikiingia, na akikosa mmoja anajua ni nani. Ukimuuliza wako wangapi anakuambia, wapo tu. Mtu wa serikali au wa duka akiuliza, anatajiwa namba ya kumwondoa.

Nikaanza kuwaangalia wengine. Nane. Tisa. Kumi. Saba. Nyarero nzima hakuna mwenye ng'ombe ishirini! 

Nikasema nitamwambia Madam nikishamsafisha Kezia, alikuwa amejichafua hadi mgongoni. Nikamwosha kwenye beseni nyuma ya duka. Niliporudi ilikuwa saa sita na dakika nne. Oda imeshaenda. Chupa kumi na sita, kila chupa ng'ombe mia. Imeenda yenyewe, mimi nikiwa na povu mikononi.

Ningeweza kupiga simu Mwanza. Sikupiga. Mimi ni nani niseme wazee wa watu wamedanganya? Na wa kwanza kumtaja awe baba mkwe wangu?

Jumamosi, 13 Septemba

Chanjo zimefika kwa basi la asubuhi, ndani ya boksi la barafu. Chupa kumi na sita. Nimezipanga kwenye friji. Zimejaa rafu moja tu. Nimezitazama kama mtu aliyeandaa sahani mbili za wali kwa ajili ya harusi.

Madam amenisifu mbele ya wateja. Nimeshindwa hata kumtazama.

Jumatatu, 15 Septemba

Ilikuwa zamu ya Nyarero. Odoyo aliondoka na chupa sita, ndivyo daraja lilivyosema. Saa tatu na nusu simu.

"Mama Kezia! Umenipa chupa za maonyesho?"

"Kuna nini, daktari?"

"Niko kwa Mzee Nchagwa. Hapa kwako imeandikwa ana ng'ombe tisa. Nimefungua chupa, nimechanganya, nikasema fungueni geti. Mama, wametoka! Wametoka, wametoka, wametoka! Nikamuuliza mzee, hawa tisa wako ni wa mkoa mzima?"

Nasikia nyuma yake watu wanacheka. Halafu sauti ya mzee mwenyewe, kavu: hao wengine ni wageni.

Kufikia saa tisa chupa sita zimekwisha. Amechanja kaya tano. Tano! Wengine wote wamesimama na ng'ombe wao kwenye kamba, jua linawaka, sindano hakuna. Odoyo akarudi na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akitaka zile kumi zilizobaki.

Nikasimama mbele ya friji. Nikamwambia hizi ni za Susuni, wako na zamu yao.

"Ng'ombe wa Nyarero siyo ng'ombe?"

"Ni ng'ombe. Na hizi ni za Susuni."

Alinitazama, akaona sitoki. Akanywa maji, akakaa chini. 

Madam akampigia Dorka, simu kwenye spika. Mashine yako imetudanganya! Imetuaibisha mbele ya watu! Dorka akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Auntie, mashine haijadanganya mtu. Nyinyi ndio mmeidanganya. Mbona mzee wa ng'ombe themanini aandike tisa?"

Madam akaweka simu chini. Akavuta skrini kwake, akashuka na kidole. Nikaona anakotafuta. Baba yake mzazi naye ni wa Nyarero. Saba.

"Saba," akasema. Akarudia, "Saba! Baba!" Akaanza kucheka huku machozi yanatoka. Halafu akanigeukia.

"Boke. Wewe ulijua?"

Nikasema ndiyo. Toka Alhamisi. Nikamwambia na ya kwetu Susuni pia.

Hakunitukana. Amenyamaza.

Jumanne, 16 Septemba

Bado amenyamaza na mimi, ila na simu anaongea. Msambazaji wa Mwanza anasema gari lake linapakia kesho jioni. Likiondoka, jingine ni katikati ya Oktoba. Oktoba! Mvua itakuwa imeshanyesha! Anataka kujua chupa ngapi kufikia kesho saa kumi. Madam akasema lete nyingi. Akajibiwa nyingi siyo namba, mama, kuna watu wa wilaya nyingine wanazitaka.

Basi Madam akaanza kuwapigia wafugaji mmoja mmoja. Baba, sema ukweli, ni kwa ajili ya chanjo. Kila mmoja anarudia ileile. Kumi. Nane. Mjane mmoja wa Susuni, Mama Regina, alimjibu hivi: "Mwanangu, nikikutajia, halafu wakaanza kufa, utakuja kunilipia wewe?" Madam akampigia anayefuata.

Nami nimekaa nafikiria zizi la Susuni. Kila kitu chetu kiko ndani ya zizi lile. Shule ya wadogo zake Wangwe, mahari ya kaka yake, maziwa ya Kezia kila Jumapili kwenye dumu la lita tano. Ugonjwa ukiingia mle ndani hatuna pengine. Na kwa karatasi zangu wana dozi kumi na mbili.

Mchana mama mkwe akapiga. Anapenda kuongea na Kezia kwenye simu, ingawa Kezia anajibu "baa" tu. Nikaweka spika. Bibi anamsimulia mjukuu nani kalala wapi zizini. Madoa leo hakutaka kwenda mtoni. Sharon mkubwa kampiga pembe Sharon mdogo. Yule ng'ombe wa Sirari anachechemea. Akaendelea, akaendelea. Kezia anasema baa.

Nikatulia na kijiko cha uji mkononi.

Bibi anawataja wote! Hajaogopa! Namba haitajwi – lakini majina yanatajwa kila siku, yanaitwa, yanatukanwa, yanaimbiwa. Hakuna ng'ombe aliyewahi kufa kwa kuitwa jina lake!

Nikamwachia Kezia kijiko, nikampigia Dorka. Nikamuuliza, daraja linaweza kupewa majina badala ya namba, likahesabu lenyewe, bila mtu kusema?

 Nikasikia anavuta kiti.

"Mami," akasema, "nani kakufundisha hiyo?"

Jumatano, 17 Septemba

Nimelijenga mwenyewe! Dorka alikuwa kwenye simu tu, ananisikiliza nikihema.

Swali la idadi nimelifuta kwenye fomu. Nimeweka: Waite ng'ombe wako kwa majina, kila mmoja mstari wake. Kisha kisanduku kipya katikati ya daraja: hesabu mistari. Kisha stoo kama kawaida. Nikamjaribu Mzee Majaribio. Likakubali.

Madam akampigia baba yake. Alianza na shikamoo tatu. Baba, leo sikuulizi wangapi. Nakuuliza wanaitwa nani. Mzee akacheka, akasema hiyo ni rahisi, kaa chini. Madam anaitikia, mimi naandika. Dakika kumi na tano! Nikabonyeza. Tukaangalia stoo.

Daraja limetenga kidogo mno, hata robo ya ng'ombe tuliowaandika haifiki. Nikashtuka, nikadhani nimeharibu. Nikapitia kisanduku kimoja kimoja. Kumbe kulikuwa na alama mahali pameandikwa: ondoa vinavyojirudia. Na ng'ombe wa huku wanajirudia! Ng'ombe wakija kwa mahari ya binti wanaitwa jina la binti. Mzee ana kundi zima linaitwa Philomena! Daraja likasema hawa wote ni mmoja, likawafuta.

"Yaani limenifuta mimi?" Madam akauliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kuniongelesha tangu juzi. Nikaitoa ile alama. Wakarudi wote. Akabaki anawatazama kwenye skrini, mstari chini ya mstari, jina lake.

Tukatuma fomu mpya vitongoji vyote. Odoyo akasimama nyuma yangu akasema ongeza swali moja: kuna mwenye mapele? Zizi lenye mgonjwa yeye haanzi nalo. Sindano inaweza kuutoa ugonjwa pale ikaupeleka kwa jirani. Zizi hilo liwe la mwisho kabisa, kwa sindano zake peke yake. Nikaweka: ndiyo au hapana. Nikachora mshale. Akisema ndiyo, jina linashuka lenyewe mpaka chini ya orodha, na Odoyo anapata ujumbe. Asiye na mgonjwa anahudumiwa kwa jinsi alivyowahi kujaza.

Majina yanamiminika. Watoto wa shule wanawaandikia babu zao. Skrini ya stoo imekuwa nyekundu, dozi hazipo, hazipo, hazipo! Saa kumi kasoro tukapiga Mwanza na namba ya kweli. Yule bwana akaguna. Akasema ana chupa ishirini na tano. Basi. Hata nusu ya tunazohitaji siyo.

Tumechukua zote.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimetoka Susuni sasa hivi. Naandika nikiwa bado na vumbi.

Fomu ya kwetu ilikuwa haijajazwa. Wangwe alikataa. Akasema ni ujanja, majina yakihesabiwa ni idadi ileile. Nikamwambia basi nipeleke nikaongee na mama. Alinipeleka kwa pikipiki, Kezia katikati yetu amesinzia.

Kwetu mke wa mtoto haongei na baba mkwe uso kwa uso. Hamtazami, hakai anapokaa. Salamu yenyewe inapita kwa mama. Kwa hiyo nilikaa nyuma ya ghala la mahindi, simu mkononi, na mama mkwe akasimama kwenye kona, katikati yetu. Akamweleza mzee.  Nikasikia anakohoa.

"Muulize mwenzako, simu yake inahesabu?"

Mama akanigeukia. Nikasema, "Mwambie baba, mimi sihesabu. Mimi naandika majina."

Ni kweli. Na siyo kweli. 

 Kisha mzee akaanza. Hakuongea na mimi, hakuongea na mama. Aliongea na zizi. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anawaita mmoja mmoja kama wanaoitwa kula. Madoa. Sharon. Sharon. Sharon. Yule wa Sirari. Lilian, Lilian, waliokuja kwa mahari ya shangazi yake Wangwe. Mweusi asiyelala. Wengine siyo wake, wamewekwa na watu, nao aliwaita kwa majina ya wenyewe. Wangwe alisimama getini mdomo wazi – nadhani naye hakuwahi kuwasikia wote. Naandika, naandika, vidole vinauma.

Na karibu na mwisho akaita, "Kezia."

Mtoto mgongoni akainua kichwa.

Nikamtazama mama mkwe. Akatabasamu chini chini. Ni mtamba, akasema, bado hajazaa, mwekundu mwenye nyota. Mzee alimtenga siku ulipojifungua. Alisema asiambiwe mtu.

Mwaka na miezi mitano! Na mimi nilidhani hata jina la mwanangu halijui. Nililia nyuma ya ghala kama mjinga, huku naandika mstari: K-e-z-i-a.

Mwenye mapele? Mama akauliza, mzee akasema hakuna. Nikaweka hapana. Nikabonyeza. Namba ikatokea pale juu ya skrini. Nimeiona. Hapa siiandiki. Nimeinua kalamu mara mbili, mkono umekataa.

Tumewahi, maana jana waliojaza wengi ni wa Nyarero. Tuko wa saba kwenye orodha ya Susuni. Dozi zetu zote zimetengwa. Kurudi, Wangwe alikuwa anapiga mluzi.

Ijumaa, 19 Septemba

Chupa ishirini na tano zimefika, na kumi za friji. Odoyo anaanza Susuni kesho alfajiri. Kwenye skrini kuna mstari ambapo dozi zinaishia. Walio juu ya mstari wana chanjo. Walio chini wanangoja Oktoba.

Saa nne mama mkwe akapiga. Hakuomba kuongea na mtoto.

"Mama Kezia, uko peke yako?"

Nikatoka nje.

Amesema yule mtamba hajala tangu jana jioni. Ana joto. Asubuhi amempapasa shingo, ameona uvimbe. Mmoja, kama punje. Na mwingine kwenye kiwele. Mzee amesema ni nzi tu wamemuuma. "Nimekuambia wewe kama mwanangu. Lakini usiandike, mama. Watu wachanje kwanza. Ni siku moja tu."

Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nitafanya nini.

Nikampigia Wangwe. Akaanza kwa upole, upole wake ule. Punje mbili, mama. Punje mbili siyo ugonjwa. Kesho saa mbili Odoyo ameshamaliza pale, ng'ombe wote wamepona, nani atajua? Ukiandika, tunaenda chini ya mstari. Unajua chini ya mstari ni wapi? Ni kaburini! Wote wale! Kwa ajili ya mtamba mmoja!

Najua ni wapi. Niliuchora mimi.

Lakini wa nane kwenye orodha ni Mama Regina. Odoyo akitoka kwetu anaingia kwake na mikono ileile na viatu vilevile. Wa tisa ana watoto sita. Wa kumi simjui, najua ng'ombe wake tu, mmoja anaitwa Asante.

Sikuweza kumwambia Madam. Angeniambia amua, au angeniamulia, na vyote sikuvitaka. Nilimnyonyesha Kezia kwanza. Alinyonya huku ananishika sikio. Nikamlaza. Nikafungua fomu ya Mzee Kisyeri, sehemu ya mapele. Nikaondoa hapana. Nikaweka ndiyo.

Nilidhani nitapata muda wa kupumua. Hakuna. Jina likatoka lenyewe kwenye nafasi ya saba, likashuka. Mama Regina akapanda wa saba. Sekunde moja. Simu ya Odoyo ikalia kule dukani, nikasikia anasema "Loo!"

Sasa Odoyo na Madam wanaongea upande wa mbele, kwa sauti ya chini. Nasikia Odoyo anasema ataenda leo leo kumwangalia yule mtamba. Kama ni nzi kweli, jina litarudishwa. Kama siyo, siyo. Nimemwomba Mungu iwe nzi. Sijawahi kumwomba Mungu nzi.

Pikipiki imezimwa nje. Ni ya Wangwe, naijua.

Amepita dukani hajasalimia mtu. Yuko mlangoni hapa, kofia ya pikipiki bado kichwani. Hanitazami. Naandika ili niwe na kitu mkononi. Ameinamia skrini, anashuka na kidole, wa tano, wa sita, wa saba. Amerudi juu. Anaanza tena, taratibu, kidole kinasoma kila jina, anamtafuta baba yake –